Wiki ya saba, mikanda bado

Leo asubuhi nimemfuta tena binti yangu kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu: shingoni, kwapani, nyuma ya magoti. Kuogeshwa bado. Mikanda ya kurekebisha nyonga yake tumekatazwa kuivua nyumbani, na harufu yake nimeshaizoea, jasho la mtoto na maziwa yaliyochacha.

Kwa mnaoniuliza kwenye simu: hapana, sikuanguka nikiwa na mimba. Mtoto alikaa tumboni akitanguliza makalio hadi mwisho, tukafanyiwa upasuaji. Hapa Uingereza mtoto aliyekaa hivyo hupigwa altrasaundi ya nyonga akiwa na wiki chache, hata kama amekaguliwa kwa mikono akaonekana mzima. Wetu alionekana mzima. Miguu sawa, mikunjo ya mapaja sawa. Siku ya picha, mpimaji akarudia upande wa kushoto mara tatu, kisha akanyamaza. Kimya cha watu wa altrasaundi nakijua tangu ile mimba iliyotoka. Nilianza kutetemeka kabla hajafungua mdomo.

Daktari alinichorea nyuma ya bahasha. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya kikombe cha nyonga; cha binti yangu kilikuwa kikombe jina tu, umbo la kisahani. Pembe wanayoipima wanataka ifike nyuzi 60. Yake ilisoma 47. Mtoto wa kike, kifungua mimba, katanguliza makalio, tatizo liko kushoto: kila alichokitaja kuwa cha kawaida kwa ugonjwa huu, sisi tulikuwa nacho.

Mikanda inaitwa ya Pavlik, kwa jina la daktari wa Kicheki aliyeibuni miaka ya 1940. Inapita mabegani, inazunguka kifua, inashuka hadi nyayoni, na kumwacha mtoto amekunja magoti na kupanua mapaja kama chura. Kabla yake watoto walikazwa kwenye vifaa vigumu, na wengine damu haikufika vizuri kwenye kichwa cha mfupa, kikaharibika. Pavlik alitaka mtoto aendelee kurusha miguu, mfupa wenyewe ukichezacheza ndani ya kikombe ukichimbe. Ndiyo maana kila asubuhi namtazama kama anapiga teke. Akiacha kunyoosha goti nipige simu siku hiyohiyo, huenda mishipa ya fahamu imebanwa. Hajaacha. Juzi kampiga baba yake kidevuni.

Sasa habari ya Mama, aliye Tanga. Siku za arobaini aliniambia mambo mawili kila jioni: nimkande mtoto kwa mafuta ya nazi nimnyooshe miguu asije kuwa na matege, na nimbebe kwa kanga. Nikaona yote ni ya kizamani. Nikanunua mfuko wa kulalia, wenye zipu, unaombana miguu ikanyooka kama mshumaa. Nilipomwonyesha daktari picha zake, alisema kukaa vibaya tumboni ndiko kulikoanza, lakini mfuko ule niuache leo. Kumbe kunyoosha kwa nguvu na kubana ndiko nyonga changa isikokutaka, na mapaja kupanuka kiunoni mwa mama ndiko inakokutaka. Japani walianza kampeni mwaka 1975 kuwaambia wazazi wasiwafunge watoto miguu ikiwa imenyooka, na ugonjwa ukapungua sana. Nilimpigia Mama nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, “Kwa hiyo nimepata nusu.” Kisha akauliza kama nimekula.

Usiku wa kwanza ulikuwa mbaya kuliko wa uzazi. Alilia hadi saa kumi, nami nikakaa sakafuni kando ya kitanda chake nikiyatazama yale makamba, vidole vikiniwasha kuyafungua. Sikuyafungua. Siku ya nne alikuwa amezoea. Mimi ilinichukua wiki mbili. Pampasi unaipitisha chini ya mikanda, nguo unavalisha juu, na kwenye basi watu wanamtazama wewe unatazama dirishani.

Kliniki nilikaa na mama mmoja mwenye mtoto wa mwaka na nusu. Wake hakugundulika hadi alipoanza kutembea akichechemea. Alipewa nusukaputi, mfupa ukarudishwa, akafungwa hogo kuanzia kifuani hadi miguuni. Mama yule alikuwa akimlisha ndizi, wanacheka, na mimi niliyekuwa nimejiandaa kulalamika kuhusu mikanda ya kitambaa nikakaa kimya.

Jumatano tunapiga picha nyingine. Wiki mbili zilizopita pembe ilikuwa 56. Ikifika, tutaanza kupunguza saa za mikanda, halafu eksirei akiwa na miezi sita. Isipofika, sijui, na leo sitaki kukaa nalo.

Kuna mtu katoka Dar juzi, kaniletea doti ya kanga kutoka kwa Mama. Iko kitini, bado imekunjwa. Jina la kanga siliandiki hapa. Mama anajua kunichokoza.