Shawa ilikuwa ikiguguma kila tukivuta choo: jinsi nilivyotatua

Katika kukarabati bafu nilihamishia choo na shawa ukuta wa pili. Kulipendeza, ila ukivuta choo tu, tundu la shawa linaguguma, kisha harufu ya maji taka inajaa.

Nilimwaga dawa ya kuzibua. Wapi! Nikang'oa vigae viwili nikidhani mteremko ni mdogo. Pimamaji ikaonyesha sentimita 2 kwa kila mita, sawasawa kabisa.

Kilichonifumbua macho ni tochi. Nilimulika tundu la shawa kabla na baada ya kuvuta choo: maji yanayotuama kwenye kona ya bomba, yale yanayozuia harufu, yalikuwa yamenyonywa. Kumbe katika kuhamisha, shawa iliachwa bila bomba la hewa, lile linaloingiza hewa ili maji ya choo yakishuka yasinyonye yale ya kwenye kona.

Nikang'oa vigae zaidi (vipya, roho iliniuma), nikaunga bomba la hewa la milimita 50 kati ya ile kona na mahali bomba la shawa linapokutana na la choo. Nililitokeza upande wa juu wa bomba, si ubavuni, ili uchafu usilizibe, nikalipandisha hadi juu ya paa.

Kabla ya kufukia, nilivuta choo mara kumi huku nikimulika. Maji yalitulia palepale.