Mizani ya maharagwe

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Wiki hii nilipanga tuendelee na Wafilipi, lakini Jumanne iliharibu mpango.

Mnajua nauza nafaka hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Jumanne mchana, jua likiwa kali, mama mmoja tunayeabudu naye alinunua kilo mbili za maharagwe ya nambale. Akaupima mfuko kwa mkono, juu chini, juu chini, kisha akasema taratibu, "Ndugu, hizi hazijafika." Wateja watatu walikuwa wamesimama. Nikasikia masikio yanawaka. Maneno niliyomjibu siwezi kuyaandika. Itoshe kusema nilimtajia hadi deni lake la mwaka jana. Akachukua mfuko wake, akaondoka kimya.

Jioni, nikifunga, ndipo nikaona. Beseni la plastiki la mizani lilikuwa limepasuka siku chache nyuma, kijana wangu akaweka la chuma. Lilikuwa tupu, na mshale haukuwa kwenye sifuri. Ulikuwa umeshapita mistari miwili. Kumbe mama alikuwa sahihi, nami nilikuwa nafoka kutetea wizi nisioujua. "Hasira ya mwanadamu haiitendi haki ya Mungu," anasema Yakobo. Nimeuhubiri mstari huo mara nyingi, na siku zote nilidhani unawahusu wengine.

Usiku nikafungua 1 Samweli 25. Isomeni pamoja na sura zinazoizunguka, ndipo inauma. Katika sura ya 24 Daudi yumo pangoni Engedi, Sauli anayemwinda ameingia peke yake, na Daudi anakata upindo wa vazi tu. Katika sura ya 26 anapata nafasi tena. Anachukua mkuki na chombo cha maji, anaondoka. Katikati hapo ndipo anapotokea Nabali, tajiri wa kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, anayemnyima chakula na kuuliza kwa dharau, Daudi ni nani? Basi. Watu 400 wanajifunga panga, na Daudi anaapa kwamba hadi kupambazuka hatabaki mwanamume hata mmoja katika nyumba ile. Mfalme aliyetaka kumuua alimwacha hai. Mchoyo wa chakula ndiye aliyemtoa akili.

Nadhani wengi wetu tunaangukia hapo hapo. Jaribu kubwa tunaliona likija, tunafunga na kuomba. Dogo linatukuta mikono mitupu: chenji ya elfu moja, mtu wa boda aliyekukwaruza, shemeji aliyekuja na mabegi bila taarifa.

Aliyemwokoa Daudi siku ile hakuwa Daudi. Abigaili, mke wa Nabali, alishuka njiani na punda waliobeba mikate 200, kondoo watano na vishada 100 vya zabibu kavu, akainama, akasema naye. Daudi akasikiliza, akambariki kwa kumzuia asimwage damu. Mithali 25:28 inamfananisha asiyetawala roho yake na mji uliobomolewa, usio na kuta. Ukuta wa Daudi siku ile ulikuwa mwanamke aliyepanda punda. Wangu alikuwa na mfuko wa maharagwe mkononi, nami nikamfukuza.

Katika Wagalatia 5:23, Biblia yetu inaliita tunda hili la Roho, la kujitawala, "kiasi". Neno la sokoni kabisa! Halimaanishi usikasirike, Paulo huyo huyo anawaambia Waefeso, "Mwe na hasira, ila msitende dhambi." Nikaitazama tena ile mizani. Moyo wangu nao Jumanne haukuwa kwenye sifuri. Ulikuwa umebeba mzigo wa mahindi uliokwama mpakani tangu Ijumaa, karo ya watoto, na usingizi wa saa tatu. Mama akaongeza neno moja tu, mimi nikasoma kilo kumi. Sasa kila asubuhi kabla ya kufungua naangalia mshale, halafu naomba Zaburi 141:3, "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu." Sisi wa mpakani tunajua mlinzi ni nini: hupiti bila kuulizwa umebeba nini.

Wazee wetu wa uamsho, Balokole, waliita hili kutembea nuruni: umekosa, nenda ukaseme, tena leo. Askofu Festo Kivengere alitoka humo. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Februari 1977, Kivengere na mkewe walitoroka kwa miguu kuvuka milima hadi Rwanda, na baadaye alikiri wazi kwamba uchungu aliokuwa nao juu ya Idi Amin, rais wa Uganda wakati huo, ulikuwa unamkausha moyo, mpaka alipomsamehe. Sijilinganishi naye. Yeye alikuwa na Amin, mimi nina beseni.

Jumatano alfajiri nikaenda kwa yule mama na maharagwe yaliyopungua, nikaongeza nusu kilo juu. Nikaeleza yote. Aliniacha nikamaliza, kisha akachota yaliyo yake, nusu kilo akanirudishia.

"Hiyo sikudai," akasema. "Lakini lile deni langu ulilitangaza mbele za watu. Samahani umeniletea jikoni."

Kesho atapita dukani saa nne, wateja wakiwa wamejaa. Niombeeni.