Mtutu Uliolika wa Lee-Enfield

Baada ya kulitoa komeo, yaani chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, na kuhakikisha kwamba chemba, tundu la kuwekea risasi, haina kitu, niliuelekeza mtutu wa bunduki hii kwenye mwanga na kuchungulia kutoka nyuma. Ni Lee-Enfield Mk III, aina iliyoidhinishwa na jeshi la Uingereza mwaka 1907, na michirizi yake mitano, iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi na inayopaswa kuzunguka kwa kushoto mpaka mdomoni, ilionekana kwa shida.

Wengi wangeshauri mtutu mpya papo hapo. Mimi siafiki kabla ya kujua umelika wapi na umeliwa na nini. Baruti ya kodaiti, yenye kilipuzi cha nitrogliserini, huwaka kwa joto kali na hula mwanzo wa michirizi, mbele kidogo ya chemba. Mdomoni adui ni kamba ya kusafishia, ambayo askari aliivuta siku baada ya siku ikiwa imebeba vumbi, hata ikauchonga ukingo upande mmoja. Kisha kuna kutu: fataki za zamani, yaani vifuko vya kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda la risasi, ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na kwa kuwa mafuta hayaiyeyushi chumvi hiyo, askari walifundishwa kumimina maji ya moto mtutuni kabla ya kupaka mafuta.

Kusafisha kulinichukua jioni tatu. Vitambaa vilitoka vyeusi, kisha vya kijani kwa sababu ya shaba ya risasi iliyoganda ndani, kisha vya kahawia, na kila kimoja kilipotoka michirizi ilizidi kujitokeza. Sehemu kubwa ya kile nilichokidhania kuwa uchakavu ilikuwa uchafu tu. Ndipo nikachukua kichwa cha risasi kisicho na ganda wala baruti, nikakiingiza mdomoni kwa ncha. Kilizama karibu chote, ilhali kwenye mtutu mzima kingekwama mapema. Ugonjwa, basi, ulikuwa mdomoni.

Dawa yake ni ya zamani. Karakana za Urusi ya Kisovyeti zilizokarabati bunduki za Mosin-Nagant zilipanua tundu la ncha iliyolika, ili risasi iachane na michirizi mahali ambapo bado ni mizima. Kazi hiyo nimemwachia fundi wa bunduki mwenye leseni, ambaye pia atapima kwa geji nafasi kati ya komeo na ganda la risasi, kwani bila kipimo hicho bunduki kuukuu haifai kufyatuliwa hata mara moja. Kwa njia hii mtutu unabaki na namba yake, ileile iliyogongwa kwenye komeo, na kwangu hilo lina thamani kuliko shabaha kali.

Mbao za mjozi sikuzigusa kwa msasa, maana msasa hula mihuri. Mabonyeo niliyainua kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto, kisha nikasugua mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka jembamba kila siku. Muhuri wa mkaguzi kwenye kitako, mdogo kama punje ya mtama, bado unasomeka.