Siku moja na polinomia: kuanzia kukata manila hadi prepo

Nafundisha hisabati kidato cha tano, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) na wa EGM (uchumi, jiografia, hisabati), katika shule ya bweni pembeni mwa mji wa Morogoro. Siku ninayoisimulia ni ya polinomia, yaani semi kama 7 − 4x + 2x³ + x²: vipande vinavyojumlishwa au kutolewa, na katika kila kipande kipeo cha herufi (ile namba ndogo ya juu) ni 0, 1, 2 na kuendelea. Kazi ni kuzipanga na kuzitambua aina zake. Mada hii wengi huiruka wakiamini ni ya watoto. Halafu tukifika kwenye kugawanya, wanaanza kulia.

Saa 11:15 alfajiri

Andalio la somo nililimaliza jana, kwa hiyo alfajiri hii ni mkasi na manila tu. Nakata vipande virefu na kuandika kwa maka: +7, −4x, +2x³, +x². Alama ya kujumlisha au kutoa naiandika kwenye kipande chenyewe, karibu kabisa na namba yake, maana hapo ndipo wengi wanaangukia. Wakiambiwa wapange upya, wanahamisha 4x na kuiacha ile hasi pale pale ilipokuwa, kama vile ni mali ya nafasi.

Saa 1:10 asubuhi

Paredi, matangazo, mwalimu wa zamu anagomba kuhusu mashati. Tunaingia madarasani.

Saa 2:00 asubuhi

PCM, vipindi viwili mfululizo. Ubaoni naandika Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya mtihani. Jambo likikwama tunahamia Kiswahili, na hapo maswali huwa yanamiminika.

Nawaita wanne mbele, kila mmoja na kipande chake: 7 − 4x + 2x³ + x². "Jipangeni, kipeo kikubwa kushoto kwa wenzenu wanaosoma, mkishuka." Wanasukumana kidogo, kisha darasa linasoma 2x³ + x² − 4x + 7. Kijana wa −4x amehama na hasi yake mkononi, hakuna aliyeisahau. Kipeo kikubwa ni 3, basi digrii ni 3, na jina lake ni kubiki. Namba iliyo mbele ya kipande cha kwanza ni 2, na hiyo ndiyo inayoongoza.

Nabadilisha vipande: x³ − 7x + 6. Wamesimama watatu. Namwita wa nne na kumpa 0x².

"Madam, sasa mimi nina kazi gani hapa?"

Darasa linacheka. Namwambia avumilie. Tunagawanya kwa x − 2 kwa njia ya mkato, ile ya kuandika namba za mbele peke yake. Upande mmoja wa ubao binti mmoja anaandika 1, −7, 6 bila yule mwenye sifuri. Anapata x − 5 na baki −4. Upande wa pili mwenzake anaandika 1, 0, −7, 6. Anapata x² + 2x − 3 na baki sifuri. Nawauliza yupi yuko sahihi. Weka 2 mahali pa x: 8 − 14 + 6 = 0. Ukigawanya kwa x − 2, baki ni sawa na jibu hilo, basi haiwezi kuwa −4. Mwenye sifuri anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

Kwa wale ambao bado wanamdharau, naandika 305. Ile sifuri ya katikati ukiifuta unabaki na 35, na hakuna mfanyabiashara wa soko la Mawenzi atakayekubali. Polinomia 3x² + 0x + 5 ukiweka 10 mahali pa x ni hiyo hiyo 305. Toka darasa la kwanza wamekuwa wakiandika kwa mpangilio wa vipeo vya kumi vinavyoshuka, ila hawakuambiwa.

Saa 4:00 asubuhi

Chai, maandazi, na ubishi. Mwalimu wa fizikia ameona vipande vyangu vya manila. "Sisi umbali wa mwendo tunauandika s = ut + ½at², kipeo kidogo kinatangulia, na magari yanatembea." Ana hoja. Kwenye mifululizo mirefu, x ikiwa ndogo sana, ni afadhali kuanza na kipeo kidogo, kwa sababu vipande vya mwanzo ndivyo vinavyobeba uzito wa jibu. Kushuka ni mazoea tuliyokubaliana, na kunafaa kwa kugawanya na kwa kuiona digrii haraka. Namwambia hivyo, naye anachukua andazi langu.

Saa 4:40 asubuhi

EGM, na hawa nawaanzia kwa mtego. Naandika (x + 2)³ − x³ − 6x² na kuuliza digrii yake. Mikono inaruka: "Tatu!" Nawaambia wafungue mabano kwanza.

x³ + 6x² + 12x + 8 − x³ − 6x²

Kimya, kalamu zinakata. Kinachobaki ni 12x + 8. Digrii ni 1, polinomia ya mstari, vipande viwili tu. Kijana wa nyuma anasema, "Imejivika koti la kubiki." Ndiyo maana nasisitiza kufungua mabano, kujumlisha vinavyofanana, kupanga, na jina lije mwisho kabisa. Anayetaja jina kwa kuangalia kipeo kikubwa kinachoonekana, bila kurahisisha, anabahatisha.

Majina yanayotokana na idadi ya vipande, yaani monomia (kimoja), binomia (viwili) na trinomia (vitatu), nayapitia haraka. Wayajue, mtihani unaweza kuyauliza, ila hayasemi mengi. Digrii ndiyo yenye habari: kwadratiki, yaani ya digrii 2, haiwezi kuwa na mizizi halisi (thamani za x zinazoifanya sifuri) zaidi ya miwili, na yoyote yenye digrii witiri, namba zake zikiwa halisi, lazima grafu yake ikate mhimili wa x angalau mara moja, maana ncha moja inapanda na nyingine inashuka.

Kisha tunatenga zisizo polinomia. 5/x + 2 inatoka, kwa sababu x iko chini, kipeo ni hasi. √x inatoka, kipeo ni nusu. 2ˣ inatoka, herufi imepanda juu. Hapo wanakuwa wakali kupita kiasi, wanataka kuitoa na √2·x² − x/3. Hiyo inabaki! Kipeuo, ile alama ya √, kiko kwenye namba, hakijaigusa herufi. Na kugawanya kwa 3 ni kuzidisha kwa theluthi.

Anauliza mmoja: nani aliamua hivi vipangwe? Namsimulia Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9. Aliziandika hesabu zake kwa maneno matupu, na milinganyo ya kipeo cha kwanza na cha pili aliigawa aina sita, kwa sababu hakutumia namba hasi: mraba na mizizi (kwake mzizi ni x yenyewe) sawa na namba ilikuwa aina moja, mraba na namba sawa na mizizi aina nyingine. Sisi tunaweka kila kitu upande mmoja, ax² + bx + c = 0, na zote sita zinaingia humo. Vipeo vidogo vya juu vilienea baada ya Descartes, 1637, na hata yeye x² mara nyingi aliiandika xx.

Saa 8:30 mchana

Wali maharage, kisha madaftari. Nasahihisha mkondo mzima. Kosa linalojirudia ni la herufi mbili: 4x²y³ + x⁴ wameipa digrii 4. Vipeo vya kipande kimoja vinajumlishwa, 2 + 3, hivyo ni 5. Naandika "jumlisha vipeo" mpaka kalamu nyekundu inagoma.

Saa 1:30 usiku

Prepo, yaani kujisomea usiku, na leo zamu ya kusimamia ni yangu. Yule binti aliyepata baki −4 anakuja na daftari.

"Shikamoo madam. 7 ina digrii gani?"

"Marahaba. Sifuri, kwa sababu 7 ni 7x⁰."

"Na sifuri yenyewe?"

Swali zuri kuliko yote ya leo. Namwandikia: 0 ni 0x⁵, pia ni 0x⁹⁹. Kipeo chochote kinaikubali, kwa hiyo vitabu vingi huiacha bila digrii. Wengine huipa hasi isiyo na ukomo (−∞), ili ile kanuni ya kuzidisha polinomia mbili, kwamba digrii zao zinajumlishwa, isivunjike hata moja ikiwa sifuri. Anaijaribu kwa 0 × x², kisha kwa 0 × x³, anaitikia kwa kichwa, anarudi kwenye dawati na kuwaeleza wenzake wawili kwa sauti inayozidi ya prepo. Nawaacha.

Kabla ya kutoka naandika ubaoni kazi ya kipindi cha kesho: (x² + 1)² − (x² − 1)². Rahisisha, panga, taja digrii na idadi ya vipande.