Goli lililoganda fremu ya 100

Siku mbili hizi nimekesha kwa ajili ya runinga moja. Nimejenga banda umiza ndani ya Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D: mabenchi ya mbao, paa la bati, taa moja inayoning'inia, na mbele kabisa runinga. Nilitaka ionyeshe video niliyoipiga kwa simu, mdogo wangu akifunga goli kwenye mechi ya mchangani. Goli lenyewe liko sekunde ya 11.

Kwanza kioo kiligeuka waridi kali. Hiyo ni dalili kwamba programu haioni faili, na kweli nilikuwa nimehamishia folda kwenye flashi. Nikaingia File, External Data, Find Missing Files, nikaielekeza folda mpya. Hilo likaisha.

Video ikarudi, lakini imetulia kama picha ya ukutani. Kwenye nodi ya picha, yaani kile kiboksi cha mipangilio kinacholeta video kwenye kioo, kuna kisanduku cha Auto Refresh. Kisipotiwa tiki, kioo hakibadiliki fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, zinaposogea. Nikatia tiki, ikacheza sekunde nne, ikaganda. Mpira bado uko katikati ya uwanja!

Hapo ndipo usiku wangu ulipoishia. Nilishuku simu, maana video za simu mara nyingi fremu zake kwa sekunde hupanda na kushuka, nikaigeuza kwa ffmpeg, programu ya kubadilisha video, iwe 25 kamili. Sekunde nne tena. Mwishowe nikapiga hesabu: 4 mara 25 ni 100. Nikaitazama ile nodi, na kwenye Frames imeandikwa 100. Video yangu ni ya sekunde 30, yaani fremu 750. Nikaandika 750, na kwa mara ya kwanza nikaliona goli likiingia ndani ya banda langu.

Ila jezi nyekundu ilikuwa imepauka. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023, Blender huanza na mpangilio wa rangi uitwao AgX. Naupenda sana, mwanga mkali hauunguzi picha, lakini video imeshapakwa rangi na simu. Nikabadilisha mpangilio huo, View Transform, kuwa Standard, na video nikaiunganisha kwenye Emission ili kioo kiwake chenyewe. Taa ya banda ikawa kali mno, nikaipunguza.

Asubuhi nikamwita mdogo wangu. Alitazama mara tatu bila kusema kitu, kisha akaniuliza: "Kaka, mbona mabenchi hayana watu?"