Tiketi ya Quảng Trị

Basi la kulala kutoka Huế, Vietnam ya kati, lilikuwa na vitanda vifupi mno, ukikunja magoti unamsukuma wa mbele, ukiyanyoosha unamkanyaga konda. Kiyoyozi nacho kilikuwa cha kuhifadhia samaki. Nilivumilia, maana aliyenikatia tiketi aliniapia kwamba nitashushwa Phong Nha, kwenye mapango. Nilimwonyesha anwani ya nyumba ya wageni kwenye simu: Phong Nha, mkoa wa Quảng Trị. Akaitikia kwa kichwa, akapokea dong 200,000, kama shilingi elfu kumi na nane na ushee za kwetu Tanzania. Haikupita muda mrefu konda akanigonga mguu, "Quảng Trị! Quảng Trị!" Kutahamaki begi langu liko chini.

Palikuwa Quảng Trị kweli, ila Quảng Trị mji, ule wenye ngome ya kale iliyosagwasagwa na mabomu katika mapigano ya siku 81 mwaka 1972. Mapango yalikuwa zaidi ya kilomita 100 kaskazini. Basi lilikwishaondoka na nauli yangu.

Nikajitupa kwenye kiti cha plastiki cha kibanda cha jirani, vile viti vya chini ambavyo mtu mzima anakaa kama anajisaidia. Mama mwenye kibanda akaniletea bakuli la tambi nene zenye samaki na pilipili nyekundu ya kuelea juu. Nilikula huku makamasi yananitoka. Mpwa wake, kijana wa shati la ofisini, akaiangalia ile anwani, akacheka, akaanza kunieleza kwa Kiingereza chake na simu ya kutafsiria.

Kumbe hadi Juni 2025 Phong Nha ilikuwa mkoa mwingine, Quảng Bình. Tarehe 1 Julai Vietnam ikapunguza mikoa na majiji yenye hadhi ya mkoa kutoka 63 hadi 34, na ngazi ya wilaya ikafutwa kabisa. Quảng Bình na Quảng Trị zikafungishwa ndoa: Quảng Trị ikatoa jina, Quảng Bình ikapata ofisi, kwani makao makuu yako Đồng Hới. Kijana mwenyewe ni mtumishi wa mkoa. Zamani alikuwa akienda kazini Đông Hà, pua na mdomo kutoka hapo. Sasa Jumatatu alfajiri anapanda basi kwenda Đồng Hới, Ijumaa anarudi. Chumba amepanga, na alikuwa analalamikia kodi kama mtu wa Sinza.

Mama yeye hakushtuka hata kidogo. Baada ya vita, mwaka 1976, walishaunganishwa na Quảng Bình na Thừa Thiên, mkoa ukaitwa Bình Trị Thiên, makao makuu Huế. Ukitaka karatasi yenye muhuri wa mkoa, unafunga safari kwenda kusini. Mwaka 1989 wakatenganishwa, kila mmoja akarudi kwake. Nikamuuliza anaonaje safari hii. Akanyoosha kidole kwenye pikipiki mbili zilizoegeshwa mbele yetu, moja ya namba 74, nyingine 73. Hii ya hapa, ile ya Quảng Bình. Akasema namba hazijabadilika na yeye hana haraka. Kisha akanidai 40,000 za tambi, ambazo naamini mwenyeji hulipa pungufu.

Mimi ni mtu wa Mbozi. Kwetu mikoa haiungani, inazaana tu: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu mwaka 2012, kisha sisi tukamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 tukawa Songwe. Vwawa ikapata mkuu wa mkoa, na baba yangu akaacha kuamkia stendi kwenda Mbeya kufuatilia makaratasi yake. Sioni mtu wa kumwambia mzee yule kwamba kesho turudi tulikotoka. Vietnam wanataka kupunguza ofisi na gharama, na hesabu yao naielewa. Ila gharama haikufutika yote. Nyingine imehamia kwenye nauli ya yule kijana kila wiki.

Akaniuliza, nikija kwenu nishukie uwanja gani? Nikamwambia Songwe. Ila uwanja wa ndege wa Songwe uko mkoa wa Mbeya, kwa hiyo ukishuka usimwambie dereva akupeleke Songwe, maana ndipo unaposimama. Alimtafsiria shangazi yake, na mama akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

Mapango nimeyaona, picha zake zimejaa kila mahali, sina la kuongeza. Kutoka pale kibandani nilipanda teksi hadi Đông Hà, kisha treni hadi Đồng Hới, kisha gari dogo. Na mwenye nyumba ya wageni akanitoza usiku wa kwanza kwa sababu nilichelewa kufika.