Bia yenye mahindi nayo ni bia

Nahudumu kaunta ya baa hapa Paje, na kila msimu wa wageni ubishi huu lazima uzuke: bia ni ya Ulaya, ya Wamarekani ni maji. Wanaoushikilia zaidi ni Wajerumani. Hoja yao ni sheria ya Bavaria ya mwaka 1516: shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na maji, basi. Sheria hiyo naiheshimu, lakini sikubali kwamba anayetia mahindi anachakachua.

Karne ya 19 Wajerumani wengi walihamia Marekani na ujuzi wao wa kupika bia. Shayiri waliyoikuta huko ilikuwa na protini nyingi, bia ikatoka na ukungu. Wakachanganya mahindi au mchele, bia ikatakata na kuwa nyepesi. Budweiser, iliyoanza 1876, inapikwa kwa mchele hadi leo. Huyo ni mpishi anayejua kazi yake, katumia nafaka ya alipofika.

Mimi ni wa Marangu. Bibi yangu alipika mbege kwa ndizi mbivu zilizochemka mpaka zikawa nyekundu, uji wa ulezi ulioota, na gome la msesewe. Onja msesewe mtupu uone, uchungu wake haukutoki mdomoni upesi! Lakini ndani ya mbege unakata utamu wa ndizi, kazi ile ile ya hopsi. Kwa sheria ya 1516, mbege si bia. Kamwambie hivyo mzee wa Kichaga kilabuni.

Kilichoididimiza bia ya Marekani ni marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933. Viwanda vidogo vingi vilikufa, na baadaye wakubwa wachache wakatawala soko kwa ladha zinazofanana. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alisaini sheria ya kuruhusu watu kupika bia majumbani, na tangu hapo wapishi wadogo wameota kila jimbo. Hawa wanapenda hopsi kwelikweli. Mgeni mmoja alikuja na kopo la bia ya hopsi za Cascade. Mwenzangu wa kaunta, kijana wa Jambiani, hanywi kwa dini yake, lakini pua yake naiamini. Akanusa glasi: "Dada, hili balungi!" Ndivyo Cascade inavyonukia.

Na Ulaya yenyewe si moja. Waingereza wana bia ya pipa inayonywewa kwenye nyuzi 12 hivi, Mwingereza nikimwuliza "baridi au moto?" kama ninavyowauliza Watanzania wenzangu, anajisikia yuko kwao.

Hata Bavaria, sheria iliruhusu shayiri tu ili ngano ibaki ya mkate. Kisha watawala wenyewe wakajiwekea haki ya kupika bia ya ngano na kuiuza. Leo wageni wangu kutoka Munich wakifika kaunta, bia wanayoiulizia kwanza ni hiyo ya ngano.